Aliyesikiliza Damu Ikipita: Bi Marcelė Vaišnorienė Anastaafu

Tarehe 30 Septemba 2019, saa tisa alasiri, Bi Marcelė Vaišnorienė atazima mashine yake, atalitundika koti jeupe kwenye msumari nyuma ya mlango, na kuiaga Hospitali ya Šilagiris baada ya kuitumikia kwa miaka arobaini na mmoja. Aliingia hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Anaondoka na sitini na mitatu, miguu ikiwa imara na ulimi haujapungua makali. Kamati ya sherehe imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa jarida letu. Nadhani wamenichagua kwa kuwa hakuna daktari mwingine aliyewahi kufukuzwa na Bi Marcelė chumbani mwake mbele ya mgonjwa.

Alianza mwaka 1978 akiwa muuguzi wa wodi ya wanaume, chini ya mkuu wa wodi ambaye hata wagonjwa mahututi walijinyoosha akipita. Marcelė peke yake hakumwogopa. Majira ya baridi ya mwaka 1981, theluji ilipofunga barabara siku nne, alikuja kazini kwa mbao za kutelezea, kilomita tisa, akiwa amejifunga mgongoni sufuria ya supu nyekundu ya biti kwa ajili ya wenzake waliokwama zamu. Anasisitiza hadi leo kwamba haikumwagika hata tone. Walioliona koti lake lilivyokuwa jekundu wana maoni yao.

Mwaka 1996 ikaja mashine. Ilitoka Uswidi, zawadi ya hospitali moja ya huko, na kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiswidi kitupu. Ilikaa stoo miezi mitatu, madaktari wakiizunguka kama paka na sahani ya uji wa moto. Marcelė akaomba ufunguo. Alikaa nayo kila siku baada ya kazi, kamusi mapajani, akajua kila kifungo. Kiswidi chake chote ni maneno ishirini na mawili, na akichoka sana humwambia mgonjwa "shusha pumzi" kwa Kiswidi. Wagonjwa wa Dzūkija, eneo letu hili la misitu, hutii tu. Wanadhani ni Kilatini cha madaktari.

Kwa wasiowahi kuingia chumba namba kumi na moja, nieleze. Mashine ile ina kijiti kinene kidogo kuliko kalamu. Marcelė hukipaka jeli, hukigusisha kwenye panja, pale mfupa wa kichwa ulipo mwembamba, na damu inayopita ndani ya ubongo inasikika. Mshipa mzima hupumua taratibu: fuu, fuu, fuu. Mshipa uliobanwa hupiga mluzi, kwa kuwa damu inalazimika kukimbia ili ipite penye wembamba. Kioo huonyesha namba, lakini Marcelė hatazami kioo. Hushusha pazia, hufumba macho, na uso wake huenda mbali. Mgonjwa naye husinzia. Nimewahi kusinzia mimi mwenyewe, nimesimama, faili mkononi, nikaota kwamba misonobari yote ya wilaya inapumua pamoja na yule mzee aliyelala kitandani. Nilipozinduka Marcelė alikuwa ameshamaliza na ananitazama. "Umerudi, daktari? Tulikuwa tunakusubiri."

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Bi Marcelė mwenyewe ameniomba niliandike. Nilimwambia kwamba jarida la wafanyakazi si mahali pake. Akanijibu kwamba wasifu usio nalo ni mkate usio na chumvi, na kwamba kama naona haya, atampa mpishi aandike.

Sisi wa huku tunajua uyoga ni nini. Wazee wanasema kusingekuwa na uyoga na matunda ya msituni, wasichana wa Dzūkija wangetembea uchi kwa kukosa pesa ya nguo. (Nasema "sisi" ingawa mimi ni mtoto wa mjini Kaunas, miaka kumi na minne nadhani inatosha.) Mahali pa uyoga pa familia hapasemwi. Mama humwonyesha bintiye akishaona nguvu zinamwishia. Mtu hushuka basi kituo kimoja mbele, akarudi nyuma kwa miguu, ili jirani asijue. Anafunika kikapu kwa majani. Ukimuuliza kama amekwenda msituni, anasema hapana, huku sindano za msonobari zimemjaa kwenye nywele. Si uongo wa dhambi, hata padre hauulizii. Akikiri kwamba amekwenda, swali la pili litakuwa "wapi?", basi afadhali awe hajaenda kabisa.

Na msitu huohuo una kupe. Kupe huleta ugonjwa wa Lyme, na mara chache sana ugonjwa huo hupanda hadi kwenye ubongo na kuvimbisha kuta za mishipa ya damu, mishipa ikabanwa mmoja baada ya mwingine, na mtu ambaye hana presha wala sukari akapatwa na kiharusi. Kisha kingine. Ukijulikana mapema, dripu ya wiki tatu ya dawa inayoua vijidudu inauzima. Usipojulikana, tunampa mgonjwa aspirini, tunamwambia apunguze mafuta ya nguruwe, na tunasubiri kiharusi cha pili bila kujua kwamba tunakisubiri. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo isemwavyo. Huku mtu hafichi maradhi. Anaficha uyoga, na anaumbuka vilevile.

Mwaka 1994 aliletwa hapa Steponas, kaka yake Marcelė, miaka arobaini na mmoja, fundi wa fremu za madirisha. Steponas alikuwa pia mshenga mashuhuri wa wilaya nzima, wa aina yetu, ambaye siku ya harusi hushtakiwa mbele ya wageni kwa uongo aliousema kuhusu mali ya bwana harusi, akahukumiwa kunyongwa, na bibi harusi akamwokoa kwa kumvisha taulo ya kitani. Inasemekana alihukumiwa mara thelathini na moja, na kila mara alijitetea hadi watu wakalia kwa kucheka. Alifika na mdomo umepinda na mkono wa kulia mzito. Daktari wa zamu, marehemu sasa, mtu makini, alimuuliza yote yaliyopaswa kuulizwa, pamoja na kupe. Je, amekwenda msituni mwaka huu?

"Mimi? Tangu nitoke jeshini sijakanyaga msitu, daktari. Naogopa sungura."

Wodi nzima ilicheka. Marcelė alikuwa upande wa pili wa kitanda, ameshika chupa ya dripu. Kaka yake akamtupia jicho. Mahali pale palikuwa pa mama yao, aliyekuwa bado hai, na ndugu hao wawili walikuwa wametoka huko Jumapili mbili zilizopita, vikapu vimejaa. Marcelė akanyamaza. Daktari akaandika kwenye faili: haendi msituni.

Baada ya siku kumi na tisa kikaja kiharusi cha pili, na hicho kilichukua maneno. Miezi mitatu baadaye daktari mmoja wa Vilnius alichukua maji ya uti wa mgongo, akapima, akakuta Lyme. Dawa ilisimamisha ugonjwa pale ulipofika, lakini maneno hayakurudi. Mshenga wetu alibakiwa na "ndiyo", "hapana", "kesho" na tusi moja ambalo mhariri hataliruhusu. Ameishi na dada yake tangu hapo. Kwa hiyo Marcelė alipoomba ufunguo wa stoo mwaka 1996, hakuwa anapenda mashine. Sote tuliofanya naye kazi tulidhani anapenda mashine.

Mimi nilifika mwaka 2005, kijana, viatu vinang'aa. Septemba ya mwaka uliofuata nikampokea Eugenija, mwalimu wa hisabati, miaka arobaini na mmoja, mwenyewe amenipa ruhusa ya kumtaja. Kichwa kilikuwa kimemuuma wiki sita. Alikuja na udhaifu wa mkono, kiharusi cha kwanza. Mimi, kwa mwongozo wote wa vitabu, nikauliza juu ya kupe na msitu. Mama yake, Bi Petronelė, mwanamke mfupi aliyekumbatia mkoba wake kana kwamba kuna mtu anataka kuuiba, alijibu kwa niaba ya wote wawili. "Sisi ni watu wa mjini, daktari. Msituni tutafuata nini?" Nikaandika. Siku ya tano, ndani ya wodi yangu, mikononi mwangu, Eugenija akapatwa na kiharusi cha pili, na asubuhi alikuwa ananitazama akitafuta neno la kuniambia, halipo. Nakumbuka macho yale. Nilipeleka kitanda chumba namba kumi na moja mimi mwenyewe, kwa sababu sikuwa na jambo jingine la kufanya.

Marcelė alifumba macho, akasikiliza panja la kushoto. Mluzi. Panja la kulia, ambalo hatukuwa na shaka nalo. Mluzi. Akamgeuza, akasikiliza kisogoni. Mluzi mwembamba, kama upepo kwenye ufa wa dirisha. Kuganda kwa damu kwa kawaida hakubani mishipa mitatu ya mwanamke asiye na presha. Akafumbua macho, na badala ya kunitazama mimi akatazama vidole vya mgonjwa. Kucha na ncha za vidole zilikuwa na rangi nyeusi ya kahawia. Mimi nilikuwa nimeiona siku tano, nikadhani ni wino wa shule.

"Bi Petronelė," akasema polepole, "binti yako amemenya ule uyoga unaoteleza. Lini?"

"Tulinunua sokoni."

"Mtu wa Dzūkija anunue uyoga sokoni! Mama, sema umeiba, nitakuamini."

"Sokoni, nimesema. Kwa mwanamke mmoja wa Varėna, mwenye kitambaa cha kijani."

"Na kesho kitambaa kitakuwa cha rangi gani?"

Bi Petronelė akaufungua na kuufunga mkoba. Mimi nikaingilia kati, nikaanza kueleza habari za vijidudu, kuta za mishipa, takwimu za Ulaya ya Kati. Yule mama alikuwa ananitazama kwa huruma. Marcelė akaweka kijiti chini, akafuta mikono, akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana.

"Sikiliza, mama. Mimi nina mahali pangu. Mama yangu alinionyesha, naye alionyeshwa na mama yake. Hapajui mtu hai ila mimi na kaka yangu, na kaka yangu hawezi kusema. Nitakuambia wewe sasa hivi, mti kwa mti. Halafu wewe uniambie pako. Tukishamaliza, kila mmoja atakuwa amemkamata mwenzake koo."

Mashine ilikuwa bado imewashwa, inanguruma chini chini bila damu ya mtu. Bi Petronelė akanitazama, kisha akamtazama Marcelė.

"Huyu wa Kaunas atoke kwanza."

"Daktari, toka," akasema Marcelė.

Nikatoka. Nilisimama koridoni mbele ya mlango wa chumba namba kumi na moja, daktari bingwa wa ubongo, nikisikia minong'ono ya wanawake wawili wanaobadilishana misitu. Niliota ndoto ya mchana pale ukutani. Niliona njia za mchanga, mashina mekundu, zulia jeupe la majani makavu linalovunjika chini ya kiatu, na ukungu juu ya kinamasi, na ndani ya ukungu Eugenija anatembea mbele yangu, hageuki. Nilitaka kumwita na sikuwa na neno.

Mlango ukafunguliwa. Marcelė alikuwa na machozi, lakini sauti yake ilikuwa ya kazi. "Wanakwenda tangu Mei. Juni alikuwa na kupe nyuma ya goti. Mama alimpaka kupe siagi ili atoke mwenyewe. Kisha likaja duara jekundu, kubwa kama kisahani, wakaliwekea jani la kabichi mpaka likapotea. Chukua maji ya mgongo, daktari, kimbia."

Nilikimbia. Maji yalikuwa maangavu kwa macho, lakini yamejaa chembe nyeupe za damu. Hatukusubiri jibu la maabara ya Vilnius. Dripu ilianza jioni ileile. Jibu lilipokuja, lilikuwa lile Marcelė alilolisikia kwa masikio. Wiki tatu Eugenija alilala na dripu, na kila Jumatatu tulishuka naye chumba namba kumi na moja. Mluzi ulipungua, mwezi baada ya mwezi, hadi siku moja ya Machi chumba kilipojaa ile fuu, fuu, fuu ya kawaida na Bi Petronelė akauliza kama mashine imeharibika. Eugenija alirudi darasani vuli iliyofuata. Neno "saba" peke yake halijarudi. Anasema "sita na moja", na wanafunzi wake wote wa Šilagiris wanasema hivyo pia, hata wale waliokwisha kwenda chuo kikuu.

Mahali pa Bi Petronelė, Marcelė hajawahi kwenda. Bi Petronelė hakuwa na uvumilivu huo. Septemba ya pili alituletea kikapu cha shukrani, uyoga mnene wa kofia za kahawia, na Marcelė akauinua mmoja, akaunusa, akautambua. Ulikuwa umetoka mahali pake yeye Marcelė. Alikasirika siku mbili, kisha akatupikia wote kwa vitunguu na krimu, na kusema angalau mwizi ana shukrani.

Baada ya tukio hilo alipigania jambo moja. Alitaka swali la fomu yetu ya kupokea wagonjwa wa kiharusi libadilishwe. Badala ya "Je, umekwenda msituni?" tuulize "Uyoga wenu umekuwaje mwaka huu?" Mkurugenzi wa wakati ule alisema hii ni hospitali, si mnada wa kijiji. Marcelė akamuuliza papo hapo, mbele ya kikao, uyoga wake umekuwaje. Mkurugenzi akatusimulia robo saa nzima habari za kofia ya uyoga yenye uzito wa kilo moja na nusu, akanyamaza ghafla, akatia sahihi. Mwana wa Dzūkija ataficha mahali, lakini hawezi kuacha kujisifu. Tangu mwaka 2007 swali hilo limetupatia wagonjwa wanne wa aina ya Eugenija. Wanne tu, kwa kuwa ugonjwa ni nadra. Mamia wengine walitusimulia uyoga bure, na tuliwasikiliza. Wote wanne wanatembea.

Wauguzi vijana watatu sasa wanajua kusikiliza bila kutazama kioo: Jovita, Skaistė na Edgaras. Tumebaki na watu.

Kuna kichwa kimoja ambacho Marcelė hakuwahi kukisikiliza. Kila mwaka Steponas alipokuja kupimwa, dada yake alipata kazi ya haraka ghorofa ya juu, na Jovita ndiye aliyempima. Hatukumuuliza. Jumatano iliyopita alimleta mwenyewe, akamlaza, akashusha pazia. Akaniomba nikae. Alikipaka kijiti jeli mara tatu kabla ya kukigusisha. Kisha akafumba macho, nami nikafumba yangu, na tukasikiliza damu ya Steponas ikipita. Mshipa mkubwa wa kushoto haupo, umekufa zamani. Lakini pembeni kulikuwa na vijia vingine, vidogo vidogo, ambavyo damu imejichimbia yenyewe kwa miaka ishirini na mitano, na vilikuwa vinapumua. Marcelė alikuwa analia bila sauti. Aliniambia, bila kufumbua macho, kwamba miezi miwili iliyopita alimwomba kaka yake msamaha kwa kunyamaza siku ile, na kwa kupatoa mahali pa mama. Steponas alijibu "kesho". Kila siku tangu hapo alikuwa anajibu "kesho".

Nikachukua fomu, kwa mazoea tu, nikamuuliza Steponas swali letu la uyoga.

Steponas aliinuka akaketi. Alinitazama kama alivyowatazama, nadhani, majaji wa harusi. Shingo yake ilikaza mishipa, midomo ikahangaika, mkono mzima ukashika ukingo wa kitanda. Ilichukua muda mrefu. Kisha akasema maneno mawili, wazi kabisa, kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia. Lilikuwa jina la mahali pale pa mama yao. Marcelė alifumbua macho, akaziba mdomo kwa mkono wenye jeli.

"Kaka," akasema, "umemwambia daktari!"

"Ndiyo," akasema Steponas, akaanza kucheka, akacheka hadi kitanda kikatikisika.

Nilileta faili lake la mwaka 1994 kutoka ghala. Kwenye mstari ulioandikwa "haendi msituni" nimefuta kwa kalamu, nikaandika jina lile, tarehe na sahihi yangu. Hapa sitaliandika. Jarida hili linasomwa na watu wa Dzūkija, na siwaamini hata kidogo.

Bi Marcelė, kwa niaba ya wodi ya kiharusi, maabara, jikoni na wote waliotoka chumba namba kumi na moja kwa miguu yao, tunakushukuru kwa masikio yako. Tunakuombea wewe na Steponas siku nyingi na vuli za mvua nzuri. Ulinyamaza kwa ajili yake siku moja tu, dada, na sasa amesema mwenyewe. Nenda kapumzike.

Dk. Vytenis Rudzinskas
Wodi ya Kiharusi